Chombo Kilichorudi Mapema

Bi Kinyaa hakunywa chai ya ofisini hata siku moja. Vikombe vya pale, alisema, vilioshwa kwa kuonyeshwa maji. Alikuja na chupa yake kutoka nyumbani, akakalia kiti alichokifuta mwenyewe, na kabla hajagusa kibodi aliipindua na kuigongagonga ili makombo ya watu wengine yaanguke. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake wakidhani atakasirika. Wapi! Alilichukua kama lake. Afadhali kuitwa hivyo, alisema, kuliko kuzoea uchafu mpaka usiuone.

Na uchafu ulikuwepo. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na harufu ya gundi ya sponji ilipanda ngazi asubuhi na kukaa humo mpaka watu wanafunga. Mwenye kampuni alikuwa mume wa mdogo wake. Ofisi nzima ilimwita bosi, yeye alimwita Shemeji, na kila alipomwita hivyo alijitahidi asimtazame, maana Shemeji alikuwa na tabia ya kujichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, kisha anakitazama kifuniko, kisha anakirudisha kwenye kalamu na kukuazima.

Walitengeneza visanduku vya kusafirisha picha za eksirei. Zahanati nyingi zina mashine ya kupiga picha ya kifua lakini hazina daktari wa kuisoma, hivyo picha inapigwa huku, inasafiri kwenye mtandao, na daktari aliyeko hospitali kuu anaitazama na kuandika majibu. Kisanduku kimoja zahanati, kimoja hospitali. Ndicho walichouza.

Lakini kilichomtia kinyaa kuliko vikombe, kuliko choo cha ghorofa ya chini, kuliko hata kile kifuniko cha kalamu, kilikuwa kunakili.

Picha haisafiri nzima. Hukatwa vipande vidogo, kila kipande hutiwa kwenye pakiti yake, na pakiti hizo huingia hospitali kupitia kadi ya mtandao. Kadi huzimimina katika nafasi za kumbukumbu ya mashine, nafasi ambazo mle ofisini waliziita vyombo. Bi Kinyaa aliandika draiva, yaani ile programu ndogo inayokaa kati ya kadi na mashine na kuamua nani apewe nini. Draiva aliyoikuta siku anaajiriwa ilikuwa inapokea pakiti kwenye chombo cha kwanza, inaimwaga kwenye cha pili, mfumo unaichota na kuitia kwenye cha tatu, halafu programu ya kuonyesha picha nayo, isije ikaonekana haijui kazi, inaitia kwenye cha nne. Data ileile! Mashine inahema, daktari anasubiri, picha inajichora mstari mmoja mmoja kama inaombwa.

"Hebu niambieni," aliwauliza wenzake siku hiyo, "mtu akiletewa maziwa kwenye gilasi, anayamwaga kwenye gilasi nyingine, tena nyingine, tena nyingine, ndipo anywe? Si mpe gilasi yenyewe!"

Ndivyo alivyofanya. Katika draiva yake, kadi ilimimina pakiti kwenye chombo mara moja tu, na kuanzia hapo hakuna aliyemwaga wala kuchota. Kilichopitishwa mkono kwa mkono kilikuwa ni habari tu ya mahali chombo kilipo. Vyombo vilipangwa duara. Msomaji, yaani ile programu ya kuonyesha picha, akimaliza chake anasema amemaliza, chombo kinarudi kwenye duara, kadi inakijaza upya. Kanuni ilikuwa moja, naye aliiandika juu kabisa ya kazi yake: aliyeshika chombo ndiye mwenye chombo, mpaka aseme mwenyewe amemaliza.

Picha zikawa zinafika daktari akiwa bado anavaa miwani. Shemeji akavimba, akauza visanduku kushoto na kulia. Bi Kinyaa naye, tusimfiche, kichwa kilimpanda. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kunakili kitu mbele yake. Alipokagua kazi za wenzake alitafuta amri ya kunakili kama mtu anayetafuta unywele kwenye chakula, na akiipata alisukuma kiti nyuma na kufanya uso wa mtu anayetaka kutapika. Ofisi ilicheka. Alikuwa na ulimi, na watu hupenda ulimi mkali ilmradi uwe unamkata mwingine.

Aliyekatwa zaidi ni kijana mmoja mpole wa dawati la pembeni, baba wa watoto wawili, mtu wa kufanya kazi yake na kwenda zake. Siku za mwanzo aliwahi kunakili pakiti mahali pasipohitajika. Bi Kinyaa alimwita mbele ya wote, akamwambia ofisi ina mashine ya fotokopi tayari pale mlangoni, haikuajiri nyingine. Basi. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Fotokopi, hata kwa mlinzi, hata kwa wale wa duka la magodoro ambao hawakujua linatoka wapi.

Nyumbani Bi Kinyaa aliishi na mama yake. Huko ndiko alikopata usafi wake. Mama alikuwa mtu wa kupiga deki ukuta. Sasa alikuwa amezeeka na alikuwa na kikohozi, kikavu, cha kukataa kwisha. Walikwenda zahanati ya karibu, akapigwa picha ya kifua, picha ikasafiri kwa kisanduku cha Bi Kinyaa mwenyewe mpaka hospitali kuu, na jibu likarudi kabla Mama hajamaliza kufunga vifungo vya blauzi: mapafu safi. Mama alifurahi. "Mwanangu," alisema njia nzima, "kazi yako nimeiona." Wakapewa dawa ya maji ya kikohozi, ikaisha, wakanunua nyingine. Miezi ikapita, Mama anakohoa, anapungua, na kila mtu akiuliza anajibiwa kwamba picha ilikuwa safi.

Jumamosi moja Bi Kinyaa alikuwa akigeuza magodoro ili yapate hewa, akaikuta ile bahasha chini ya godoro la Mama. Zahanati ilikuwa imetoa nakala ya picha iliyosomwa hospitali, iliyorudi pamoja na majibu, na Mama akaihifadhi kama cheti. Bi Kinyaa aliisogeza dirishani kwa udadisi tu, aone kazi yake inavyotoka. Juu, shingo na mabega ya mtu mwembamba. Ndiyo, Mama. Katikati, uti wa mgongo ulisogea pembeni kidogo sana, kama pazia lililounganishwa na fundi mwenye haraka. Chini ya hapo mbavu zilikuwa nene na zimenyooka.

Mama aliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi akitundika mapazia. Ubavu wake wa chini uliungana vibaya, na Bi Kinyaa alikuwa ameugusa mara nyingi akimsugua mgongo bafuni. Kwenye picha haukuwepo.

Akakaa kitandani. Aliyekuwa mkononi mwake alikuwa Mama kuanzia shingoni hadi katikati ya kifua, na kuanzia hapo kwenda chini alikuwa mtu mwingine, mtu mnene, asiyemjua, aliyechanganywa na mama yake kama mabaki ya sahani mbili. Kinyaa kilichompanda siku hiyo hakikuwa kile cha vikombe. Alikwenda bafuni akatapika kweli.

Hakuhitaji kuambiwa kilichotokea. Pakiti zilipoingia hospitali zilikuwa nzima, kwa sababu mashine huzikagua mlangoni na mbovu hutupwa. Basi uharibifu ulitokea ndani, baada ya ukaguzi, na kuna njia moja tu: chombo kilirudishwa kwenye duara kabla msomaji hajamaliza, kadi ikakijaza kipande cha mgonjwa wa nyuma yake kwenye foleni, na msomaji asiye na habari akasoma kifua cha jirani. Na kwa kuwa picha zote za kifua zina ukubwa mmoja, kipande cha mgeni huweza kukaa mahali pake kabisa. Daktari ataonaje?

Jumatatu alifika ofisini wa kwanza, akafungua mabadiliko yote ya draiva tangu mwaka uanze. Akalikuta badiliko lenyewe. Lilikuwa la Fotokopi. Hospitali walikuwa wameleta programu mpya ya kuonyesha picha, nzito, inayoshikilia vyombo muda mrefu daktari akifungua picha nyingi pamoja. Vyombo vikawa vinatoka na kuchelewa kurudi, duara likabaki tupu, pakiti zikawa zinaanguka, Shemeji akawa anafoka. Fotokopi aliagizwa atengeneze. Naye alitengeneza: chombo kikikaa nje kupita muda fulani, draiva ikinyang'anye na kukijaza upya bila kumwuliza aliyekishika.

Na chini ya badiliko hilo, kwenye mstari wa mkaguzi, palikuwa na jina la Bi Kinyaa. Amelipitisha. Akakumbuka hata ile siku. Alikuwa na kisanduku kipya mezani, alilipitia harakaharaka, macho yakitafuta kitu kimoja tu, amri ya kunakili. Hakuiona. Akapiga meza akasema kwa sauti, "Fotokopi! Leo umekuwa mtu!" Na yule kijana alitabasamu mpaka masikioni.

Fotokopi alipoingia, alimwita. Safari hii hakumwita mbele ya watu. Alimpeleka kwenye chumba cha stoo, kati ya maboksi.

"Hii umeandika wewe?"

Kijana akatazama. "Ndiyo, dada."

"Ulijua msomaji anaweza kuwa bado anasoma?"

Kijana akaanza kubandua utepe wa boksi la karibu.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua inaweza kutokea mara mojamoja. Nilidhani itakuwa mstari umechanika tu, daktari ataiomba tena."

"Sasa mbona hukunakili? Chombo kikichelewa, nakili kilichomo umpe msomaji nakala yake akae nayo hata mwaka, kisha rudisha chombo. Mistari michache! Hata mtoto angefanya!"

"Ndivyo nilivyoandika kwanza," Fotokopi alisema. "Ilikuwepo, na ilifanya kazi. Nikaifuta."

"Ukaifuta kwa nini?"

Alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Kwa ajili yako, dada. Ungenicheka. Mke wangu alikuwa anakuja kunichukua jioni ile."

Bi Kinyaa akaichukua bahasha ya Mama, akatoka stoo.

Alikwenda moja kwa moja kwa Shemeji na ile picha. Alimweleza kwa maneno ya kueleweka na mtu asiyejua kompyuta, mara mbili, mpaka akaona ameelewa. Shemeji alichukua kalamu yake, akatoa kifuniko.

"Shemeji, kaa kwanza," alimwambia Bi Kinyaa.

"Sikai."

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi na wewe."

"Basi vizuri." Kifuniko kikaingia sikioni. "Huyo Fotokopi arekebishe leo, tusambaze toleo jipya, tuseme ni la kuongeza kasi. Mama mpeleke hospitali nzuri, apigwe upya, nalipa kila kitu. Yule si mama yako tu, ni mama yetu sote."

"Na wengine?"

"Wengine gani?"

"Waliopigwa picha tangu hilo toleo lilipoingia! Kuna watu wameambiwa wako safi na daktari ameona mbavu za mtu mwingine!"

Shemeji alikitoa kifuniko, akakitazama. "Shemeji, hao wana Mungu wao. Sisi tukianza kutangaza, kesho mdogo wako anakula nini?"

Alisema hivyo kwa upole, na upole ndio uliomchefua zaidi. Angefoka angalau angeonekana ana damu. Bi Kinyaa aliitazama ile kalamu, mikono ile, meza ile ambayo mdogo wake aliinunua kwa kujinyima, akaona akikaa humo dakika nyingine harufu itamwingia kwenye nguo isitoke. Akatoka bila kuaga, akashuka ngazi, akapanda gari mpaka hospitali kuu.

Daktari wa picha alikuwa mwanamke mrefu, asiyependa kupeana mikono, na kwa hilo tu Bi Kinyaa alikuwa amempenda siku zote. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliiweka ile picha ya Mama kwenye taa, akaufuata uti wa mgongo kwa ncha ya kalamu, akafika pale unaposogea, akasimama.

"Hii niliisoma mimi," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Nikaandika safi." Akavua miwani. "Nimekuwa nikitia sahihi kwenye vifua vya watu ambao sikuwaona. Mnajua mlichonifanya?"

Bi Kinyaa alisema anajua. Yule daktari hakumtukana. Alimwambia tu atoke nje, asubiri kwenye benchi, kwa sababu hakutaka kumwona kwa muda. Kisha akaanza kupiga simu, zahanati moja baada ya nyingine.

Watu wakaitwa upya. Wengi walikuwa wazima kweli, wakalaani nauli na usumbufu wakarudi kwao. Wengine hawakuwa wazima. Wawili watatu simu zao zilipokelewa na jamaa, na jamaa wakasema mwenyewe ameshazikwa, mnamtakia nini.

Ungedhani Shemeji ataaibika. Mtu wa aina ile haaibiki, anageuka. Alipoona jambo limetoka, alivaa suti, akaenda hospitali na kuwaambia wakubwa kwamba kampuni yake ndiyo kampuni ya pekee inayojikagua yenyewe na kusema ukweli hata unapouma, na kwamba mhusika amekwisha kuondolewa. Mhusika alikuwa Fotokopi. Alifukuzwa asubuhi, akaondoka na boksi lenye kikombe na picha ya watoto. Pale mlangoni wale wa duka la magodoro walimuaga kwa jina lile lile, kwa wema kabisa, maana hawakujua jingine.

Kisha Shemeji akawakusanya wafanyakazi, akamsifu Bi Kinyaa mpaka yeye mwenyewe akatokwa machozi, yale machozi yake ya karibu, akampa ofisi yenye mlango na cheo cha Mkuu wa Ubora. Watu wakapiga makofi. Bi Kinyaa alisimama pale akijua kwamba neno moja tu lingetosha, kwamba aliyepitisha ni yeye na aliyemtisha kijana ni yeye. Alijiambia kwanza draiva irekebishwe, na hakuna mwingine wa kuirekebisha. Alijiambia dawa za Mama zitakuwa na gharama. Yote yalikuwa kweli, nayo yote yalinuka. Alikipokea cheo, akasema asante. Jioni hiyo aliandika mwenyewe ile mistari michache: chombo kikichelewa, nakili, kisha rudisha. Mashine haikupunguza kasi kiasi cha kuonekana.

Zamu ya Mama kupigwa picha upya ilifika siku ya mvua. Ukumbi wa hospitali ulijaa watu wa visanduku, wamebanana kwenye mabenchi, viatu vimelowa, kila mmoja na bahasha yake ya uongo mkononi. Mzee mmoja alikuwa akiwaapiza waliotengeneza kile kidude, wao na kizazi chao, na waliomzunguka wakaitikia. Mama naye akaitikia. Alikuwa ameambiwa na binti yake nusu ya habari tu: kuna kijana ofisini alikosea, akaogopa kufanya jambo la kawaida kwa sababu alikuwa akichekwa, mambo yakaharibika.

Daktari aliwaita ndani mwenyewe. Picha ilikuwa kwenye taa, na ubavu uliopinda ulikuwepo, wa Mama kabisa. Nyuma ya ubavu, chini upande wa kulia, kulikuwa na kivuli cheupe ambacho hakikuhitaji daktari.

"Kilikuwepo mara ya kwanza?" Bi Kinyaa aliuliza.

"Kwa ukubwa huu, kilikuwepo. Kingekuwa kidogo. Tungekuwa na njia zaidi." Akaongeza kwamba njia bado zipo, akazitaja, lakini alizitaja akimtazama Mama, si yeye.

Mama alisikiliza ametulia, mkono wake ndani ya mkono wa binti yake. Daktari alipotoka kwenda kuandika, aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu:

"Yule kijana aliyeogopa kuchekwa, mmemfanyaje?"

"Amefukuzwa, mama."

"Masikini. Ana watoto?"

"Wawili."

Mama akakohoa, akafuta mdomo kwa leso, akaikunja leso vizuri ndani kwa ndani kama kawaida yake. "Na huyo aliyekuwa akimcheka? Naye amefukuzwa?"

Bi Kinyaa aliutazama mkono wa mama yake. Ulikuwa mwepesi, na wa joto.

"Hapana, mama," alisema. "Huyo amepewa cheo."

Mama alimtazama. Alimtazama sana, kutoka nywele hadi viatu, kwa macho yale yale aliyokuwa akitazamia kikombe kabla hajakinywea. Kisha akautoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya paja lake mwenyewe, akasema anaomba maji, na akaomba ayalete nesi.